Kolaitisi imetulia lakini nikila tumbo linajaa, wenzangu wa huku nyanda za juu mnakula nini?

Fundi wa Uyole

Habarini wakuu, wakubwa wote shikamooni. Niko Mbeya, Uyole, mwanaume wa miaka thelathini na kitu, nina mke na watoto. Naomba mwenye uzoefu anisaidie maana nimeuliza sana mtaani na kila mtu ana lake.

Mimi nilikuwa naharisha damu na makamasi kwa muda mrefu tu, nikatibiwa amiba, nikatibiwa taifodi, nikarudishwa tena amiba, nimemeza metro (metronidazoli, ile dawa ya amiba) mpaka mdomo ukawa na ladha ya chuma, naona nafuu kidogo halafu kitu kinarudi palepale. Mwisho daktari mmoja akasema hapana, huyu apelekwe kwenye kipimo cha kamera ile ya nyuma, kolonoskopi, ndio wakakuta utumbo mpana umevimba na una vidonda, wakakata kinyama wakapeleka maabara, jibu likaja ni kolaitisi. Nikaanzishiwa predinisoloni, dawa ya kushusha uvimbe, tukawa tunaipunguza mdogo mdogo mpaka ikaisha na sasa hivi niko na salfasalazini ya kuushikilia ugonjwa pamoja na foliki asidi.

Namshukuru Mungu damu imekata, kilo zinarudi, naenda kazini. Shida iliyobaki ni msosi. Nikila maharage tumbo linaumuka kama unga wa maandazi, maziwa ndio usiseme, haipiti muda natafuta choo kilipo. Kachumbari siwezi, kabichi siwezi, chapati kuna siku sawa kuna siku sio sawa yaani hata sielewi. Parachichi nilikuwa nakula zima na chumvi sasa hivi hata nusu linaniletea kesi.

Afu washauri sasa. Jirani kaniambia niache sembe, mwingine kasema nyama nyekundu ndio mbaya, dada wa ofisini kasema niache ngano maisha yangu yote, shemeji yeye kasema kila chakula chekundu niache eti ndicho kinacholeta damu. Wengine wananiletea dawa za vidonda vya tumbo nawaambia sio ugonjwa huo, hawaelewi. Nimejikuta nakula wali mweupe, viazi vya kuchemsha na ndizi, basi, kila siku. Mke wangu kwao Tukuyu na mama mkwe akija lazima aje na dumu la maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe, sasa nikatae vipi.

Ninachotaka kujua, hivi hivi vyakula ndio vinarudisha ugonjwa au ni gesi tu? Na nitakula hivi mpaka lini? Msinijibu "muone daktari" tu, nimemuona na nitamuona tena, ila daktari hapiki kwangu.

---

Mdau wa Kinyanambo

Pole kaka, karibu chamani. Niko Mafinga, ugonjwa ni huohuo na nimeishi nao miaka sasa.

Swali lako la kwanza ndio la msingi na watu wengi hawaliulizi, wanakimbilia orodha. Hapo kuna mambo mawili tofauti umeyaweka kwenye gunia moja. Kuna utumbo kuvimba, na kuna utumbo kushindwa kuchakata kitu fulani. Utumbo ukivimba utaona damu, makamasi, haja inakubana ghafla na ukienda kinatoka kidogo tu, unaamka usiku wa manane kukimbilia choo, mwili unachoka, homa, kilo zinashuka. Utumbo ukishindwa chakula ni gesi, kuunguruma, tumbo kujaa mpaka mkanda unabana, pengine choo kinalainika, halafu baada ya saa kadhaa yanaisha na kesho uko mzima. Maharage yanakupa hayo ya pili. Hayakuchimbi vidonda upya. Ndio maana unaweza kuwa na gesi ya kufa mtu na bado ugonjwa wenyewe umelala, na sisi wenye kolaitisi hii hali ya tumbo kusumbua hata wakati ugonjwa umetulia ni ya kawaida sana.

Kwa nini nasisitiza, kwa sababu ukichanganya hayo mawili unafanya makosa ya pande zote. Mtu anapata gesi anasema dawa haifanyi kazi anaacha salfasalazini, baada ya muda damu hiyo. Au kinyume chake, damu imerudi yeye anasema aah nilikula kabichi jana, anaacha kabichi anakaa nyumbani na ugonjwa unaendelea kula utumbo. Chakula hakitibu kolaitisi na kuacha chakula hakuitibu. Dawa ndio inashikilia, msosi ni kwa ajili ya wewe kuishi bila kero.

Kingine ambacho hukuambiwa pengine, salfasalazini yenyewe inaweza kukujaza tumbo na kichefuchefu, hasa ukiimeza njaa. Imeze ukiwa umekula. Mkojo kuwa wa njano kali au rangi ya chungwa usishtuke ni dawa. Na kwa kuwa wewe ni mwanaume, hiyo dawa inaweza kushusha mbegu kwa muda, ukiacha zinarudi, kwa hiyo mkipanga mtoto mwingine mwambie daktari akubadilishie, usiache kimyakimya. Mesalazini, ndugu yake salfasalazini, haina hiyo shida ila bei yake unaijua.

Sasa msosi. Kuna utaratibu ulitengenezwa Australia, chuo kikuu cha Monash pale Melbourne, unaitwa fodimapu. Wazo lake ni kwamba kuna sukari sukari fulani kwenye vyakula ambazo utumbo mdogo hauzinyonyi vizuri, zinashuka mpaka utumbo mpana, zinavuta maji na bakteria wa kule wanazichachusha, ndio gesi. Kitunguu maji, kitunguu saumu, ngano, maharage na jamii yake, maziwa, embe, tufaha, peasi, tikiti, uyoga, asali, na parachichi likizidi. Umeona? Karibu vyote ulivyovitaja wewe viko humo bila hata kusoma. Upande wa pili kuna wali, ugali, viazi mviringo, ndizi ambazo hazijaiva sana, karoti, mchicha, mayai, samaki, kuku, nyama, machungwa, papai, nanasi, karanga. Kwa hiyo jirani yako wa sembe hana hoja, ugali una hizo sukari kidogo sana. Na shemeji na vyakula vyekundu mwambie bitiruti inaweza kufanya choo kiwe chekundu ukapata presha bure, lakini damu hailetwi na rangi.

Ila sikiliza vizuri hapa. Ule utaratibu sio wa kudumu. Unabana wiki 2 hadi 6, tumbo likitulia unaanza kurudisha, kitu kimoja kimoja. Watu wanabana halafu wanabaki hapohapo, mwaka unapita mtu anakula wali na viazi, anadhoofu, na wale bakteria wazuri wa tumboni nao wanakosa chakula chao. Wewe umeshabana tayari, tena kupita kiasi, kwa hiyo kazi yako sasa sio kuacha, ni kurudisha.

---

Afya Kamili Dealer

Ndugu usihangaike na kubahatisha. Kuna kipimo cha kisasa unashika chuma mkononi kwa dakika moja tu kompyuta inatoa ripoti ya mwili mzima, vyakula vyote ambavyo mwili wako unavikataa unavijua hapohapo. Tuna na virutubisho vya kusafisha utumbo vimesaidia wengi. Niko Kabwe njoo inboksi.

---

Afisa Tabibu Zamu ya Usiku

@Afya Kamili Dealer hapana. Kushika chuma hakuwezi kumjua mtu anayeshindwa maziwa. Nimeona hizo ripoti, mgonjwa mmoja anakuja na kurasa kumi za kompyuta, ini, figo, macho, mifupa, kila kitu "kina hitilafu kidogo", na mwisho wa ripoti kuna dawa za muuzaji. Hata vile vipimo vya damu vya kingamwili aina ya IgG vinavyouzwa kwa bei mbaya eti vinaonyesha vyakula usivyopatana navyo havifai kwa kazi hiyo, vinaonyesha tu umewahi kula hicho chakula. Na hayo ya "kusafisha utumbo" kwa mtu mwenye kolaitisi ni kutafuta balaa, mengi ni majani ya kuharisha yamewekwa kwenye pakiti nzuri.

Fundi pole. Mdau kaeleza vizuri, naongeza machache ya upande wetu.

Kama unataka uhakika kuwa ni gesi tu na sio ugonjwa unaamka, kuna kipimo cha choo kinaitwa kalprotektini, kinapima kama kuna uvimbe ndani ya utumbo. Hakipo kila kituo na sio bei ndogo ila ukienda kliniki yako ya rufaa muulize. Kikiwa chini na wewe una gesi, unalala usingizi. Kikiwa juu, hapo sio suala la kitunguu tena.

Ngano. Dada wa ofisini anaweza kuwa sahihi kidogo au asiwe sahihi, lakini usiache ngano maisha yote kwa neno la mtu. Watu wengi wanaosumbuliwa na chapati hawasumbuliwi na gluteni, ile protini ya ngano, ni zile sukari za kwenye ngano alizosema Mdau, na ndio maana siku moja sawa siku nyingine sio sawa, inategemea umekula ngapi na umekula na nini. Chapati moja na chai ni tofauti na chapati tatu na maharage ya vitunguu. Kuna ugonjwa wa siliaki ambao ndio gluteni haitakiwi kabisa, unapimwa kwa damu, lakini kipimo kinataka uwe unakula ngano wakati unapimwa, ukishaacha muda mrefu kinaweza kutoa jibu la uongo. Kwa hiyo kama una wasiwasi, pima kwanza ndio uache.

Maumivu. Wewe ni fundi, mgongo utauma tu. Diklofenaki na brufeni zikae mbali na wewe, hizo zinaweza kuamsha kolaitisi kweli, tofauti na kabichi. Tumia paracetamol. Na ukienda duka la dawa sema una ugonjwa wa utumbo kabla hujapewa kitu, wengi wanakupa mchanganyiko wenye diklofenaki ndani bila hata kukuambia.

Kwa wengine wanaosoma hapa ambao hawajapimwa: kuharisha damu kwa wiki na wiki sio amiba mpaka ithibitike. Na pia sio kila kuharisha kwa muda mrefu na kukonda ni kolaitisi, kifua kikuu cha utumbo kipo na kinafanana sana na ugonjwa wa aina hii ukiangalia juu juu, dawa zake ni tofauti kabisa na mtu mwenye TB ukimpa predinisoloni peke yake unamuumiza. Ndio maana kile kinyama cha maabara ni muhimu. Choo cheusi kama lami, damu, homa, kukonda bila sababu, upungufu wa damu, hayo usiyaletee mtandaoni.

---

Mama wa Kiwira

Mwanangu Fundi pole sana na ndaga kwa kumheshimu mama mkwe wako, vijana wa siku hizi wangeshamwambia maziwa yako yananiharisha.

Mimi ni mpishi sio daktari lakini kijana wangu wa pili ana tumbo kama lako kwa hiyo jikoni kwangu nimejifunza. Sikiliza.

Maharage usiyaache sisi watu wa Mbeya tutakula nini. Loweka usiku kucha, asubuhi mwaga yale maji yote suuza, weka maji mapya, yakichemka kidogo mwaga tena ndio uweke maji ya kuivishia. Zile sukari zinazoleta gesi zinatoka na maji, ukipikia maji yaleyale umerudisha kila kitu kwenye sufuria. Najua wako watu watasema unamwaga utamu, basi wao wale yao. Halafu anza na vijiko viwili pembeni ya wali sio bakuli. Na kande iache kwanza, lile ganda la mahindi na maharage pamoja kwa tumbo linalopona ni kazi nzito.

Kitunguu ndio adui mkubwa maana kipo kila mboga. Fanya hivi, kaanga kitunguu na saumu vipande vikubwa kwenye mafuta mpaka vinukie, halafu vitoe vyote kwa kijiko uweke pembeni wale wengine, ndipo uweke nyanya na nyama kabla hujaweka maji yoyote. Harufu inabaki kwenye mafuta lakini kile kinachokusumbua hakiyeyuki kwenye mafuta, kinayeyuka kwenye maji, kwa hiyo ukishaweka maji huku kitunguu bado kimo umechelewa. Au tumia majani mabichi ya kitunguu, yale ya juu ya kijani, sio kile cheupe cha chini. Mke wako hatahitaji kupika sufuria mbili.

Chapati badilisha na vitumbua, si vya mchele? Ila pika nyumbani, wauzaji wengine wanachanganya ngano kupunguza gharama. Mchele wa Kyela ukiuloweka ukausaga vizuri watoto watakuomba kila siku.

Maziwa sasa. Mwambie mke wako aongee na mama yake wewe usiongee. Amwambie daktari amesema mume wangu anywe mtindi, maana mtindi ukigandishwa vizuri ile sukari ya maziwa inapungua, wadudu wa mtindi wameshaila. Mama hawezi kukasirika, maziwa ni yaleyale ya ng'ombe wake. Samli nayo haina shida. Kijana wangu alianza na kikombe cha kahawa cha mtindi akila na ugali, sio tumbo tupu, akapanda taratibu. Maziwa freshi ya moto asubuhi ndio bado hatujayarudisha na sioni haraka ya nini.

---

Fundi wa Uyole

Aisee wakuu asanteni, mama shikamoo na ndaga fijo. Nimesoma yote mara mbili. Hiyo ya kumeza dawa njaa ndio ninavyofanya kila asubuhi maana naondoka saa kumi na mbili sijala kitu, nabadilisha kuanzia kesho.

Maswali mawili. Moja, kurudisha kitu kimoja kimoja maana yake ni nini hasa, leo maharage kesho maziwa? Pili, mimi mchana nakula kwa mama ntilie sio nyumbani, siwezi kumwambia mama ntilie atoe vitunguu kwenye mafuta, atanifukuza.

---

Mdau wa Kinyanambo

Hapana sio leo hiki kesho kile, ukifanya hivyo tumbo likijaa hutajua nani kafanya. Chagua kitu kimoja, tuseme mtindi. Vyakula vingine vyote vibaki vilevile ambavyo vimetulia. Siku ya kwanza kidogo, ya pili ongeza, ya tatu kiasi ambacho kwa kawaida ungekula. Ukiona vibaya siku ya pili acha, sio lazima ufike ya tatu. Halafu pumzika siku mbili tatu ukiwa kwenye vyakula vyako salama ndio uende kwenye kingine. Andika kwenye simu, umekula nini, saa ngapi, kiasi gani, tumbo limesemaje. Kiasi ndio watu wanasahau kuandika na ndicho chenye jibu, maana mara nyingi sio kwamba hukiwezi kitu, ni kwamba hukiwezi kingi. Parachichi hilohilo la Hass wanalosafirisha Ulaya kutoka Njombe na Rungwe, kipande kidogo unaweza kukila na usisikie kitu, zima ndio linakukamata. Hata maziwa, watu wengi wenye shida ya laktosi, ile sukari ya maziwa, wanahimili kama gramu 12 za laktosi kwa mara moja, hiyo ni kikombe kimoja cha maziwa hivi, mradi wanywe na chakula.

Na usijaribu wiki ambayo una mawazo, hujalala, au una mafua. Baridi ya Mafinga mwezi wa saba mimi sijaribu kitu kipya kabisa, tumbo langu mwezi huo lina akili zake.

Kikishindwa leo usikifute maisha. Jaribu tena baada ya miezi, utumbo uliokuwa umevimba unaendelea kupona taratibu na kuna vitu vinarudi vyenyewe. Mimi mkate ulinikataa kabisa mwanzoni, sasa hivi slesi mbili nakula na chai sina neno. Kitunguu kibichi bado, na nimekubali.

---

Binti Mufindi

Naingilia hiyo ya mama ntilie. Mimi tumbo langu ni la kusumbua tu sio kolaitisi, nilishapimwa, lakini nakula nje kila siku na nimepata njia. Agiza vitu vinavyopikwa vikavu. Ugali na samaki wa kukaanga, mchicha uliochemshwa, wali na kuku wa kuchoma, chips mayai bila kachumbari, ndizi za kuchoma. Mchuzi ndio una vitunguu vyote, mwambie mchuzi kidogo au usiweke kabisa, wala hataona ajabu. Ila chips usifanye za kila siku, mafuta mengi nayo yanasumbua, hilo nimeliona kwangu. Pilipili na kahawa tupu asubuhi pia, japo kahawa ya Mbozi kuikataa inauma.

Misibani ndio kazi. Wali maharage, na ukikataa watu wanasema una maringo au unaogopa sumu. Mimi nachukua sahani kama wengine, nakula wali wote na nyama kama ipo, maharage naacha chini ya sahani, sijawahi kuulizwa. Kukataa sahani ndio kesi, kubakiza sio kesi.

Na ulanzi kaka, ile pombe ya mianzi, kama unakunywa, najua uko Mbeya ila Iringa si mnapita...

---

Fundi wa Uyole

Ulanzi sinywi dada, kimpumu ndio kidogo zamani hahaha. Nimeacha tangu nianze dawa.

---

Afisa Tabibu Zamu ya Usiku

Baki hivyohivyo. Pombe yoyote inachokoza utumbo na hizi za kienyeji zina machicha na sukari nyingi juu yake, kipindi hiki huwezi kujua kipi kimekufanya nini.

Halafu kwenye daftari lako la simu ongeza na uzito mara moja kwa wiki. Ukiona unakula aina chache na kilo zinashuka mwambie daktari mapema, usisubiri tarehe ya kliniki. Na chai usinywe pamoja na chakula, subiri kama saa moja hivi, umepoteza damu muda mrefu na chai inazuia madini ya chuma kuingia. Foliki asidi usiiruke, salfasalazini inazuia foleti ya kwenye chakula isinyonywe vizuri, ndio maana wamekuandikia.

---

Mgeni Songwe

Samahani kuingilia uzi wa watu, mimi nina vidonda vya tumbo vya kawaida, nilipimwa nikaambiwa nina H. pylori, yule bakteria wa vidonda, nikapewa dozi ya siku 14 nikamaliza. Nimepima tena damu naambiwa bado ninao. Na mimi nifuate hii ya kutoa vitunguu? Na maziwa ya baridi nikinywa yananituliza kabisa mbona nyie mnayakataa

---

Afisa Tabibu Zamu ya Usiku

Wewe kesi yako ni tofauti, hivyo vyako viko juu, kwenye mfuko wa chakula au mwanzo wa utumbo mdogo, vya Fundi viko utumbo mpana. Vitunguu usitoe kama havikusumbui. Maziwa yanatuliza dakika chache halafu yanachochea asidi itoke zaidi, kwa hiyo sio dawa, kunywa kama chakula tu. Na wewe pia diklofenaki hapana.

Kipimo cha damu kinaangalia kingamwili, na kingamwili zinabaki mwilini muda mrefu hata bakteria akiwa ameshakufa, kwa hiyo hilo jibu halikuambii kitu na usikubali kuanzishiwa dozi nyingine kwa sababu yake. Omba kipimo cha choo cha antijeni au cha pumzi. Kifanyike angalau wiki 4 baada ya kumaliza antibayotiki na uwe hujameza omeprazoli, ile dawa ya kupunguza asidi, wiki 2 kabla. Umemaliza dozi lini?